Tausi wa Kushoto Kazama Mno

Jumatatu, 4 Agosti

Kosa wanalolifanya wengi, mashine ya kuchonga inapotoa kina kisicholingana, ni kukaza na kulegeza skrubu kabla ya kupima chochote. Naliandika hapa mwanzoni nisije nikalisahau. Miaka yote niliyofundisha hesabu niliwaambia wanafunzi wangu: pima kwanza, shuku baadaye.

Leo nimekaza skrubu zote.

Hali imezidi kuwa mbaya. Tausi wa kushoto kazama kwenye ubao kama aliyekanyagwa na nyati. Wa kulia amekwaruzwa tu, utadhani paka kapita. Na hawa ni ndege mapacha! Wametoka kwenye mchoro mmoja, nimeuchora mimi mwenyewe kwenye kompyuta, huyu ni kivuli cha yule.

Mashine nimeiweka banda la nyuma, pale pale alipokuwa akikaa baba na patasi zake. Ni mashine ndogo ya watu wa kujifurahisha. Kompyuta inaiamuru, kisu kinazunguka, kinakwenda kushoto na kulia, juu na chini, na ubao umelala chini yake juu ya meza. Mke wangu Rumini anaiita mke mwenza. Asubuhi akiniletea kahawa huuliza mwenzake ameamkaje.

Zamani mtaa huu wote wa Jepara ulikuwa ukiamka kwa nyundo za mbao. Tok, tok, tok, nyumba hadi nyumba, na ungeweza kujua nani ana homa kwa kusikia nyundo ipi haijaanza. Baba alianza mapema kuliko wote. Sasa kunaamka pikipiki.

Zimebaki siku chache. Dada yangu mkubwa, Tinah, ambaye kwa heshima namwita Mbakyu, anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Lampung, na mwanawe amesema daktari hatamruhusu mama yake safari nyingine. Macho yake yamezimika kabisa. Kwenye simu aliniomba kitu kimoja. Alisema, akiniita mdogo wake kama zamani, "Dik Yit, ule ubao wa tausi wa baba, uliokuwa juu ya mlango. Nauota. Ningeupitishia mikono mara moja tu nikarudi zangu."

Ubao huo aliuuza baba mwaka ule wa ukame, kwa mfanyabiashara aliyepita na lori. Haukuonekana tena. Mbakyu alikuwa keshaolewa na kwenda ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mpaka mimi nilipomwambia, miaka mingi baadaye.

Nilipaswa kusema, pole Mbakyu, haupo. Ulimi ukatangulia. Nilimwambia umepatikana! Mjukuu wa yule mfanyabiashara kaukuta ghalani Surabaya.

Mbakyu alilia kwa furaha. Basi ubao lazima upatikane.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimetumia akili. Nimeugeuza ubao, upande wa kulia ukaja kushoto, nikachonga upya. Kama ubao ndio umepinda, kasoro itahama nao. Kama kasoro ni ya mashine, itabaki ilipo. Jaribio safi, la kufundishia darasani.

Kasoro imebaki kushoto. Kwa hiyo ubao hauna hatia.

Nilimweleza Rumini jambo hili kwa utaratibu, kwa kutumia sahani na vijiko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima zote za mke kwa bwana, "Pak, sasa naweza kuchukua vijiko vyangu?"

Mchana akaja Kasmuri. Kasmuri ni jirani, nilisoma naye, ana duka la samani barabara kuu na nywele nyeusi kuliko umri wake unavyoruhusu. Huchonga kwa mkono, vizuri, na hakuna siku aliyosahau kukukumbusha. Aliwatazama tausi wangu kwa muda mrefu huku akivuta sigara ya karafuu. Akasema kwa upole mwingi kwamba wanapendeza, hasa yule aliye hai.

Akajitolea kuchonga yeye. Bure.

Nilikataa. Najua kwa nini anataka. Kabla Mbakyu hajaolewa, Kasmuri alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu kwa baiskeli, anakwenda juu, anarudi chini, anakwenda juu, mpaka baba akamuuliza kama kapoteza kitu. Sasa wote wawili wamefiwa na wenzi wao. Huyu bwana anataka mikono ya Mbakyu iguse kazi yake. Zaidi ya hapo, hawezi kutunza siri. Angemwambia kila kitu kabla hajashuka garini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua! Sakafu ya banda imeinama. Nimeweka pimamaji, kiputo kimekimbilia upande wa ukuta.

Nimebeba matofali asubuhi yote. Nimeinua miguu ya mashine upande mmoja mpaka kiputo kikasimama katikati, kimetulia kama hakimu. Mgongo hautulii. Nikachonga.

Tausi wa kushoto kazama vile vile.

Jioni, nimelala kifudifudi na Rumini ananichua kwa mafuta na kunikwangua mgongo kwa sarafu, dawa yetu ya uchovu, ndipo nikaelewa, na aibu ikanishika japo hakuna aliyeona. Mashine haijui sakafu. Ukiinamisha mashine nzima, kisu kinainama, meza inainama na ubao unainama, wote pamoja, kama abiria wa chombo kimoja. Kinachohitajika ni meza kuwa sambamba na njia ya kisu. Hata ungeitundika ukutani ingechonga sawasawa.

Nilimweleza Rumini. Akasema kumbe mke mwenza ana msimamo kuliko mume.

Ijumaa, 8 Agosti

Ni Kasmuri.

Nimelitafakari jambo hili bila chuki. Mashine ilipofika ilikuwa nzima. Majaribio ya kwanza, kabla ya ile dua ya kuibariki tuliyoifanya Ijumaa iliyopita, yalitoka laini. Baada ya dua, kasoro. Na nani alikuwa amekaa karibu na mashine wakati wa dua? Nani alisimama peke yake bandani wengine walipokuwa wakifungiwa chakula cha kwenda nacho nyumbani?

Nimemwaga unga wa mchele mlangoni mwa banda ili ninase nyayo zake.

Baadaye. Nimenasa nyayo. Za kuku wa Kasmuri. Rumini amefagia bila kusema neno, ila alikuwa anafagia kwa sauti.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya fedheha. Naandika yote, kwa manufaa ya sayansi.

Niliamua hatimaye kufanya nilichoandika siku ya kwanza: kupima. Nilizima mashine, nikaingiza kipande cha karatasi chini ya ncha ya kisu, nikakisogeza kisu pembe hadi pembe bila kukishusha wala kukipandisha. Kulia karatasi ilipita kwa raha. Katikati ilianza kusita. Kushoto iling'ang'ania mpaka ikachanika. Maana yake kushoto meza imenyanyuka. Ubao ukilala juu ya kilima, kisu kinauzamia zaidi. Rahisi kabisa! Mtoto angeelewa.

Lakini meza ya mashine inyanyuke vipi? Nikaondoa ubao, nikapiga magoti, nikatazama meza kwa usawa wa jicho dirisha likiwa nyuma yake. Na hapo nikaona. Kilima laini, na juu yake duara la manjano, la ukubwa wa sinia.

Ua kavu la yasmini lilikuwa limenata ukingoni.

Ilikuwa hivi. Siku ya dua Rumini alipika wali wa manjano, akaufinyanga mlima mzuri kwenye sinia, na kando akaweka bakuli la maji ya maua kama inavyotakiwa kwa kitu kipya. Alitaka kuviweka juu ya mkeka. Mimi nikasema hapana, baraka iwekwe juu ya mashine yenyewe, mezani, ndiyo itakayofanya kazi. Nikaviweka kwa mikono yangu. Kisha nikatoa hotuba fupi kuhusu historia ya uchongaji, tangu malkia wetu wa zamani hadi kompyuta.

Meza ya mashine hizi ni ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ni nyoofu, ni rahisi kubadilisha, na ikinywa maji huvimba kama mkate kwenye chai. Ikishavimba hairudi ilivyokuwa.

Nimewauliza majirani waliohudhuria, mmoja mmoja, kwa njia ya mzunguko. Wote waliona! Bakuli lilikuwa na ufa. Maji yalikuwa yakitambaa chini ya sinia muda wote wa hotuba. Pak mwenyekiti wa mtaa aliniambia, macho yakiwa chini, "Tuliona, Mwalimu. Ila hotuba ilikuwa imefika kwa Waholanzi, tukaona haya kukukatiza."

Huu ndio ugonjwa wetu. Nyumba ya mtu ikiungua tutaomba radhi kwanza kwa kupita bila kubisha hodi.

Kasmuri alikuwa amesimama peke yake bandani, ndiyo. Alikuwa anafuta maji kwa leso yake. Hili kaniambia Rumini. Sioni haja ya kulipa uzito.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeweza!

Nieleze kwa mpangilio, maana huenda siku moja mtu atanufaika. Meza iliyovimba hukauka kwanza. Niliianika juani, nikaifunga tena mahali pake, nikaikaza kwa nguvu sawa pande zote. Kisha nikavua kisu chembamba na kuvisha kile kipana cha kusawazishia, nikaiagiza mashine iipitie meza yake yenyewe, yote, ikiondoa ngozi nyembamba tu, kama randa. Sasa meza si nyoofu kwa pimamaji, wala kwa jicho langu, wala kwa maoni ya Kasmuri. Ni nyoofu kwa kisu. Hilo ndilo pekee linalotakiwa.

Kabla sijaanza nilikwaruza meza nzima kwa penseli. Mahali ambapo penseli imebaki, kisu hakijafika. Duara la manjano lilikuwa la kwanza kutoweka. Nilisikitika kidogo. Ulikuwa wali mzuri.

Halafu nikafunga ubao wenyewe, wa mtiki mkongwe, niliouvunja kwenye zizi la marehemu mjomba kwa sababu mti mpya una harufu ya dukani. Mashine ikalia tangu baada ya chai hadi adhuhuri. Tausi wawili, mapacha kwelikweli. Mizabibu. Majani. Nilifumba macho nikapitisha kidole kwenye kila jani, toka shina hadi ncha. Sawa. Sawa. Sawa.

Nikakumbuka jinsi kila mwaka kabla ya Idi baba aliushusha ubao ule tuupake mafuta. Mbakyu alikuwa na kitambaa, mimi nilikuwa na vidole. Aliniambia nisiache jani hata moja, kwa sababu usiku majani yasiyopakwa hulia. Niliamini mpaka nilipofika shule ya upili.

Nimekaa kwenye kigoda cha baba mpaka Rumini akaja kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Mbinu za kuuzeesha ubao. Chai nzito, mara kadhaa. Mafuta ya nazi. Kisha kuning'inizwa juu ya jiko la kuni. Rumini kauliza kama nitaukaanga au nitauchemsha.

Kinakosekana kitu: moshi wa karafuu. Baba alivuta mfululizo. Mimi kifua hakiniruhusu. Imenibidi nimwite Kasmuri.

Sikumweleza sababu, nilimwambia tu akae karibu na ubao avute. Akavuta. Alipomaliza pakiti aliuliza kama sasa anaruhusiwa kujua moshi wote huo ni wa nini. Nikalazimika kusema habari za Surabaya. Akaikunja pakiti tupu, akasema, "Yit, mwambie ukweli. Atacheka, yataisha."

Nikamjibu kwamba yeye kwa ukweli hana sifa, na nikamtazama nywele. Akaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Amefika.

Ni mdogo mno. Nilikuwa nimemuweka kichwani yule aliyenibeba mabegani kutazama gwaride, na akashuka garini bibi mwepesi kama kapu tupu, ananusa hewa. Alisema kunanukia samaki wa kuchoma na vumbi la mbao, basi ni nyumbani. Akanishika uso. Akasema nimenenepa masikio.

Hakutaka chai kwanza. Tulimketisha barazani, nikamlaza ubao magotini. Rumini alisimama mlangoni na kitambaa cha mikono. Kasmuri alikuwepo, amevaa batiki mpya, hakualikwa.

Mbakyu aliunusa kwanza. Akatabasamu. Chai, moshi, karafuu, vyote vilifanya kazi! Kisha vidole vikaanza. Shingo ya tausi wa kushoto, mkia, shina, jani, jani, jani. Akavuka kwa tausi wa kulia. Akarudi. Akafika mwisho, akaanza tena, polepole zaidi, na tabasamu likawa linapungua, si kwa hasira, kama mtu anayemtafuta mtu kwenye chumba na kuanza kuona hayumo.

Akasema, "Huyu aliyechonga hapa hakuchoka."

Nilimtazama Rumini.

"Baba alikuwa anachoka," akasema. "Mkono wake wa kulia. Majani ya asubuhi alikuwa anayazamisha, kidole kinaingia. Akishakula mchana mkono unalegea, majani yanakuja juu juu. Nilikuwa najua, nikiyapaka mafuta, hili ni kabla ya sala, hili ni baada. Hapa ni asubuhi tu, Dik Yit. Asubuhi mpaka mwisho." Akaupapasa tena ukingoni. "Kazi nzuri. Ya nani?"

 Kabla sijafungua kinywa Kasmuri akakohoa, akavuta kola ya batiki, akasema, "Yangu, Tinah."

Mbakyu akageuzia uso upande wa sauti.

"Kasmuri? Wewe huchoki siku hizi? Barua ulichoka baada ya mbili."

Rumini alijificha uso kwenye kitambaa. Kasmuri akawa mwekundu mpaka kwenye mizizi ya nywele, ambayo ni ya kijivu, nimeiona.

Hapo ndipo nilipokiri. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Sikuweza tu kuvumilia ile kazi iitwe ya Kasmuri. Nilisema ni mimi, ni mashine yangu, na kila kilichotangulia: lori, Surabaya, zizi la mjomba, chai. Hata bakuli la maua nililisema.

Mbakyu alicheka mpaka akaomba maji. Halafu akataka kuisikia. Tulimwongoza bandani, nikaiwasha, akasimama ameshika nguzo ya banda huku kisu kikilia. Alisema inapiga kelele kama mtoto anayenyimwa nyonyo. Akasema baba angeitukana siku moja, na siku ya pili angeomba aijaribu.

Usiku, kabla ya kulala, alinishika kiganja. Alisema ubao niuweke juu ya mlango, ni mzuri, nyumba isikae bila tausi. Akasema, "Ila usinitafutie tena kitu cha baba. Mimi nimekuja kukaa na wewe. Basi."

Nikasema ndiyo, Mbakyu.

Jumapili, 17 Agosti

Sikukuu ya uhuru. Mtaani watoto wanashindana kula kaukau za kukaanga zilizotundikwa kwa uzi, mikono nyuma. Mbakyu yuko barazani anasikiliza. Kasmuri yuko naye, anamsimulia nani ameshinda. Nasikia anamsimulia hata yale ambayo hayajatokea. Ameninyang'anya kiti changu.

Mbakyu ameniita. Nimesema nakuja sasa hivi.

Kwa sababu nimelala nikiwaza, na nimegundua! Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilisawazisha mno. Baba alikuwa anachoka, basi mashine nayo ichoke. Majani ya upande wa asubuhi yazame, ya upande wa mchana yapande juu kidogo kidogo, mteremko mpole usioonekana kwa jicho. Ni hesabu ndogo. Nimeshaikokotoa nyuma ya tangazo la sherehe. Kipande kimoja kidogo, cha upana wa mikono miwili, chenye uchovu halisi wa baba. Mjukuu wa mfanyabiashara anaweza kupiga simu tena kutoka Surabaya, amekuta na fremu ya dirisha. Inawezekana kabisa. Maghala ya Surabaya ni makubwa.

Ameniita tena. Rumini naye ameniita, kwa jina langu zima. Nakuja.

Leo, kabla ya chakula cha mchana: kata kadi yoyote ya zamani ya mwaliko wa harusi vipande vyembamba, uviingize chini ya ubao upande wa asubuhi ili unyanyuke kama ilivyonyanyuka ile meza, kisha uchonge.